Kasema Java ni Java, kisha kanigeuka mbele ya shefu wa kazi

Mwana_Kadutu:
Mnamjua wote, simtaji. Yule injinia wa mji mzima.

Wiki jana nilimuuliza kwa heshima: mukubwa, mashine ina Java 8, Solr 9, ile programu ya kutafutia inayoendeshwa na Java, itakubali? Hakuinua hata kichwa kwenye simu. "Java ni Java. Weka." Nikakesha nayo, maana Bukavu hapa umeme unarudi saa ambayo hata mbwa wamelala.

Leo asubuhi nawasha, seva inagoma. Anaingia na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo, mkononi, anainama, anabandika kidole kwenye skrini yangu mbele ya shefu na wastajeri wanne, wanafunzi wa mafunzo kazini: "Soma! Java yako imezeeka, inataka 11. Hata hilo hukuliona?"

HATA HILO HUKULIONA! Yeye! Alama ya mafuta bado iko pale pale juu ya hiyo 11. Sifuti. Java 8 ni ya 2014, angeniambia tu "kumi na moja" nikalala kama watu. Mbele ya watoto wa staji, jamani! Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

Mzee_wa_Nguba:
Mwanangu, mwongozo wa Solr unaeleza Java inayotakiwa kabla ya kusimika chochote. Umeacha kusoma, umeuliza mtu wa sambaza.

Dada_Ibanda:
Achana na Solr. Elasticsearch, programu nyingine ya kutafutia, tangu 7.0 inakuja na Java yake ndani, humuulizi mtu.

Fundi_Bagira:
Inakuja nayo, na RAM inaimaliza. Yangu ya giga 4 inalia usiku kucha. Kaka, usiing'oe hiyo 8, huenda programu nyingine inaitegemea. Weka 11 kando, kisha ndani ya faili la mipangilio, solr.in.sh, elekeza SOLR_JAVA_HOME huko. Dakika tano.

Mzee_wa_Nguba:
Na msikimbilie kila jipya. Java 7 ilipotoka Julai 2011 ilikuwa na kasoro kwenye namna ya kuharakisha vitanzi vya programu, ikaweza kuharibu faharasa za Lucene, ile maktaba ya kutafutia iliyo ndani ya Solr. Watu wa Lucene walitoa onyo siku ileile.

Mwana_Kadutu:
Mzee, mimi sisemi 2011. Nasema KIDOLE. Mbele ya shefu!

Mama_Panzi:
Kidole tu? Mimi shefu aliniita nitengeneze printa nyumbani kwake siku ya harusi ya mdogo wangu. Nimefika ukumbini keki imeshakatwa!

Fundi_Bagira:
Printa, mama! Ya kwetu inatafuna karatasi kama mbuzi. Jana imekula fomu za watu, nikatukanwa mimi.

Mwana_Kadutu:
Jamani, uzi wangu…

Dada_Ibanda:
Hizo sambaza alinunua wapi lakini? Huku kwetu kipimo kimepanda tena.

Mama_Panzi:
Soko la Kadutu, dada, asubuhi mapema. Ukichelewa utakuta za jana.