Naomba ushauri: nilidungwa sindano kliniki, sasa naambiwa nimepatikana na pufya (dawa zilizokatazwa michezoni)

Mama_wa_Nyonga:
Wadau habari zenu. Sijui hata nianzie wapi, tangu Jumanne sijalala vizuri. Mimi ni mkimbiaji wa barabarani, si jina kubwa, nakimbia hafu marathoni na kilomita kumi na hizo pesa za mbio ndio zinalipa kodi ya nyumba na karo ya watoto wawili. Mwezi wa pili nyonga ilinisumbua sana, yani hata kushuka matatu ilikuwa shida, nikaenda kliniki moja hapa mjini nikamwambia daktari mimi ni mwanariadha na nina mbio mwezi ujao. Akanishika shika hapo kwa nyonga akasema ni uvimbe, akaniandikia vidonge na sindano moja, nesi akanidunga hapo hapo. Sikuuliza jina la dawa. Hiyo ndio inaniuma hadi sasa. Nilifikiri nikishasema mi ni mwanariadha basi kazi yangu imeisha, yeye ndio amesoma.

Siku 38 baadaye nikakimbia hafu moja Ulaya nikawa wa nne, nikaitwa kupimwa. Ile fomu inauliza dawa ulizotumia siku 7 zilizopita, nikaandika Panadol pekee kwa sababu ile sindano hata sikuikumbuka. Sasa barua imekuja kwa email, sampuli A, yani ile inayopimwa kwanza, imepatikana na triamcinolone acetonide. Mimi hilo jina sijawahi kulisikia.

Niko na kile kitabu cha kliniki, eksasaisi tu ya kawaida. Imeandikwa tarehe, halafu maneno mawili hatuwezi kuyasoma, halafu 40mg, na chini TCA 2/52. Tumekaa na bwanangu kwa meza na tochi ya simu tukaamini hiyo TCA ndio hiyo dawa. Jamaa mmoja wa kambini ananiambia eti eksasaisi haitanisaidia, kuna mtu atanitengenezea barua ya hospitali kubwa kwa elfu kumi na tano. Meneja hashiki simu. Nauliza, kosa ni langu au ni la daktari? Na hiyo barua niichukue?

Kocha_wa_Mlimani:
Mamangu, hiyo barua usiichukue, hata bure usiichukue. Nimefundisha wasichana wengi na hapa ndipo nawaona wakipotelea. Diana Kipyokei, mkimbiaji wetu wa Kenya, alishinda Boston Marathon 2021, akapatikana na dawa hii hii yako, na kilichommaliza zaidi ni karatasi za hospitali ambazo uchunguzi ulionyesha si za kweli. Akapewa miaka 6 na ushindi wa Boston ukaondolewa. Wale wachunguzi wanapiga simu hospitali, wanaitisha faili, wanaangalia kama huyo daktari yuko kazini kweli na kama namba ya mgonjwa ni yako. Kosa la dawa na kosa la kudanganya ni makosa mawili tofauti, na saa hii wewe uko na moja pekee.

Mkweli_Daima:
Pole dada lakini mimi nitasema. Kila anayepatikana husema ni daktari. Sheria iko wazi, kitu kikipatikana kwa mwili wako ni chako, hawaulizi kwanza kama ulikusudia. Kule Sydney 2000 Andreea Raducan wa Romania, msichana wa miaka 16, alinyang'anywa dhahabu ya jimnastiki kwa sababu ya dawa ya mafua aliyopewa na daktari wa timu yao wenyewe. Akakata rufaa akashindwa, medali haikurudi. Daktari naye aliadhibiwa lakini medali iliyoenda ni ya mtoto. Kama yule hakuponea, wewe kusema "nilimwambia mi ni mwanariadha" itakusaidia wapi?

Nesi_wa_Zamu:
Mkweli uko sawa kwa sheria lakini tusimvunje moyo, kuna mambo hapa yanamsaidia.

Dada kwanza, hiyo TCA si dawa. Hapa kwetu sisi watu wa hospitali tukiandika TCA 2/52 maana yake urudi baada ya wiki mbili. Ukienda mbele yao useme "daktari aliandika TCA ndio triamcinolone" watakuona unabuni. Dawa ni hayo maneno mawili hamjasoma, na 40mg ni dozi ya kawaida kabisa ya hiyo sindano.

Pili, ulidungwa wapi? Kwa nyonga penyewe au kwa makalio? Uliza kwa makini maana hapa ndio pana tofauti kubwa. WADA, shirika la dunia la kupinga pufya, wametoa muda wa kusubiri kabla ya mbio: ikidungwa kwa jointi ni siku 10, ikidungwa kwa msuli ni siku 60. Dawa hii imetengenezwa ikae mwilini itoke pole pole, ndio maana siku ya 38 bado ilionekana. Na tangu Januari 2022 sindano zote za jamii hii, yani steroidi za kutuliza uvimbe, zimekatazwa siku za mashindano, kwa jointi au kwa msuli.

Rudi hiyo kliniki. Usiende na hasira, ukigombana watafunga faili. Omba nakala ya rejista ya sindano, huwa inaandikwa jina lako, dawa, dozi na sahihi ya aliyekudunga. Omba daktari aandike kwa mkono wake alikupata na ugonjwa gani na kwa nini alichagua hiyo.

Wakili_Mtaani:
Nimesaidia kesi mbili za namna hii, sitasema za nani. Hii dawa inakatazwa kwa mashindano tu, mazoezini mtu anaruhusiwa. Kwa hivyo ukithibitisha ulidungwa kwa matibabu kabla ya mbio, kuna nafasi ya kuomba TUE ya kurudi nyuma, yani kile kibali cha kutumia dawa kwa matibabu, hata baada ya kupimwa. Si lazima wakupe, watataka kuona ugonjwa wenyewe na kama kulikuwa na dawa nyingine ya kutosha. Angalia barua imetoka kwa nani, uwaulize maombi yanapelekwa wapi, kwa mkimbiaji wa kitaifa ni ADAK, shirika la Kenya la kupinga pufya, wa kimataifa ni upande wa World Athletics.

TUE ikikataliwa, adhabu ya dawa ya kundi hili kawaida inaanzia miaka 2, inapanda 4 wakithibitisha ulikusudia kudanganya, na inaweza kushuka ukionyesha dawa iliingiaje na kwamba uzembe wako haukuwa mkubwa. Hapo kwa uzembe watakuuliza tu: ulimwambia daktari usipewe kilichokatazwa? uliuliza jina? uliangalia orodha au uliuliza mtu? Wewe ulifanya nusu, sema hiyo nusu vile ilivyo. Kwa sheria daktari ni chaguo lako, kosa lake linahesabiwa kwako, inauma lakini ndivyo.

Tarehe ndio kila kitu. Eksasaisi yako yenye mwandiko mbaya ina thamani kuliko barua ya elfu kumi na tano. Na usipitishe siku walizokupa kujibu.

Mama_wa_Nyonga:
Asanteni sana, nimesoma zote nikalia kidogo. Mkweli sijakasirika, hata mimi ningesema hivyo kama ni mwingine.

Nimetoka kliniki sasa hivi. Daktari hakuwa, lakini nesi ni yule yule akanikumbuka. Akafungua rejista, kitabu kikubwa kimechakaa kona zote, akashuka na kidole hadi mwezi wa pili na jina langu lipo. Kenacort 40mg IM, na Kenacort ndio jina la dukani la hiyo triamcinolone. Nikamuuliza IM ni nini akasema ni kwa msuli, na nikakumbuka ni makalio ya kulia. Kwa hivyo ni zile siku 60. Amenipigia fotokopi na kugonga muhuri, na meseji ya M-Pesa ya siku hiyo bado iko kwa simu, tarehe zinalingana.

Huyo wa barua nimemwambia hapana. Daktari anarudi Alhamisi, mwisho wa kujibu ni Jumatatu. Wakili naomba ukiweza unieleze nikifika kwa daktari nimwombe aandike nini hasa, maana naogopa asije akafikiri namshtaki akakataa kuandika.