Ardhi ya Bonde la Msimbazi pale Jangwani itumikeje, na nani aisimamie?

Mkazi wa Magomeni Mapipa (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, naomba tujadili kwa utulivu jambo linalotugusa sisi tunaoishi pande zote mbili za Bonde la Msimbazi.

Kwa miaka mingi tumeizoea Jangwani kwa sura moja, nayo ni ya barabara kufungwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupanda juu ya Barabara ya Morogoro, mabasi yaendayo haraka husitisha safari, na anayekwenda Kariakoo kutoka Magomeni, mwendo ambao siku nyingine angeweza kuutembea kwa miguu, huanza kutafuta njia ya kuzunguka mji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na katika masika ya 2018 karakana ya mabasi hayo, iliyojengwa ndani ya bonde lenyewe, ilizama.

Sasa upo mpango mkubwa wa kubadilisha hali hiyo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, na Hispania na Uholanzi nazo zinachangia. Kwa jinsi ninavyouelewa, Daraja la Jangwani litainuliwa, karakana itahamishwa, mkondo wa mto utachimbwa na kupanuliwa, udongo utakaotoka humo utatumika kuinua kingo ili zifae kujengwa, na eneo la kati litabaki kuwa bustani ya jiji inayoweza kupokea maji wakati wa mvua.

Swali langu linahusu hizo kingo zitakazoinuliwa na hiyo bustani. Je, tujenge nyumba, maduka na ofisi? Tuweke viwanja vya michezo? Tuwaachie wakulima wa mboga? Nakiri kwamba nina hofu. Ardhi iliyo jirani na Kariakoo ikishakauka itatamaniwa na kila mwenye fedha, na wote tunakumbuka jinsi mabishano kuhusu umiliki wa Coco Beach yalivyochukua miaka mingi, ingawa ule ni ufukwe ambao kila mtu aliuona kuwa wa umma. Ningependa eneo lote, kingo pamoja na bonde, libaki wazi kwa wananchi, lisijengwe kabisa. Naomba maoni yenu.

---

Mhandisi Mstaafu

Ndugu mwanzilishi, nakushukuru kwa kuleta mada hii. Kabla hatujagawana matumizi ya ardhi, naomba tuzungumze kwanza kuhusu mchanga, kwa sababu mchanga ndio utakaoamua kama hiyo bustani itadumu.

Mto Msimbazi una urefu wa takribani kilomita 35. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha unafika Jangwani ambako ardhi ni tambarare. Maji yaliyokuwa yakishuka kwa kasi hupungua mwendo pale, na mchanga yaliyoubeba hutua. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, nafasi ya chini ya daraja inazidi kuwa finyu, na mvua ambayo zamani ingepita bila madhara sasa inavuka barabara. Isitoshe, mto huu unaingia baharini pale Daraja la Salender, ambako wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kupwa na kujaa huzidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mto hayana pa kwenda, hivyo hurudi na kutanda Jangwani na Mkwajuni. Wavuvi wa pwani yetu wanalijua jambo hilo vizuri, lakini sijalisikia likitajwa mara nyingi katika mikutano ya wananchi kuhusu bonde hili.

Kuinua daraja kutaokoa barabara, na mimi naliunga mkono jambo hilo kwa dhati, lakini hakutazuia mchanga kushuka. Mchanga unatokana na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kukatwa kwa ajili ya mkaa, na barabara za mitaani zisizo na lami wala mifereji, na kingo zinazomegwa na wachimbaji, na kila kiwanja kipya kinachosafishwa huko juu katika mkoa ambao sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Tukichimba mkondo leo bila kushughulikia maeneo ya juu, tutachimba tena baada ya misimu michache, na ndipo wajukuu zetu watakapouliza fedha zilikwenda wapi. Napendekeza yajengwe mabwawa ya kunasa mchanga sehemu za juu za mto, yenye njia ya malori, ili wachimba mchanga wanaofanya kazi hiyo kwa kujificha wapewe vibali vya kuchimba mahali ambapo uchimbaji wao unausaidia mto badala ya kuubomoa.

Kuhusu matumizi ya eneo la chini, kanuni yangu ni moja: kila kitakachowekwa ndani ya bonde kiwe kinaweza kulowa na kukauka bila hasara kubwa. Viwanja vya mpira, njia za miguu na baiskeli, nyasi na miti inayovumilia maji vinafaa. Vyoo, transfoma za umeme na maduka vikae juu ya kingo. Mji wa Curitiba nchini Brazil, ambao ndio ulioonyesha dunia mfumo wa mabasi wa aina ya huu tunaoutumia sisi, ulianzisha Bustani ya Barigui mwaka 1972 ikiwa na ziwa la kupokea maji ya mafuriko. Tuliiga mabasi yao, na naona ajabu kwamba tulijenga karakana ya mabasi hayo mahali ambapo wao wangeweka ziwa.

---

Aliyehamishwa Mkwajuni

Mzee wangu Mhandisi, nimekusoma kwa makini na nimejifunza. Nawaomba tu, wewe na ndugu mwanzilishi wa mada, mkumbuke kwamba hilo bonde mnalolipangia nyasi na viwanja lilikuwa na watu.

Mimi nililelewa Mkwajuni. Nyumba yetu iliandikwa alama nyekundu ya X na ikabomolewa katika zoezi lililoanza mwishoni mwa 2015. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sina ugomvi na sheria hiyo, maana hatari ya maji niliiona kwa macho yangu. Ugomvi wangu ni kwamba familia ilipata nafasi ya kusikilizwa kulingana na karatasi iliyokuwa nayo mkononi. Mpangaji wa chumba kimoja, mamalishe aliyekuwa na meza yake mlangoni kwa mwenye nyumba, na kijana aliyelala kwenye banda la kuchomelea vyuma hawakuonekana katika hesabu ya mtu yeyote. Waliohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya 2011 walipata viwanja, lakini kazi zao zilibaki Kariakoo, na nauli ya kila siku ilikula sehemu kubwa ya kipato. Ndiyo maana wengine walirudi bondeni, na kuwaita wabishi ni kuwaonea.

Kwa hiyo sikubaliani na pendekezo la kuacha kila sehemu wazi. Tunao mfano jirani kabisa, nao ni Magomeni Kota, eneo la nyumba za umma. Wakazi wa kaya 644 waliondolewa pale, eneo likakaa tupu kwa miaka mingi, lakini hawakuachana: walikuwa na orodha ya majina yao, walikuwa na kamati, na waliendelea kudai. Majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022, wao ndio waliopewa nafasi ya kwanza. Nguvu yao kubwa ilikuwa ile orodha. Nataka sehemu ya ardhi itakayoinuliwa ijengwe nyumba za kupanga za gharama nafuu, na nataka orodha ya waliokuwa wakiishi bondeni, wapangaji pamoja na wenye nyumba, iandaliwe na ithibitishwe na serikali za mitaa sasa hivi, wakati wajumbe na majirani bado wanakumbuka nani alikaa wapi.

Ramani zipo za kuanzia. Tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi katika kazi ya Ramani Huria kuchora nyumba, mitaro na vina vya maji ya mafuriko katika kata zetu. Kumbukumbu hizo zitumike pia kututambua sisi tuliokuwepo, zisiishie kwenye kupanga njia ya maji.

---

Mkulima wa Mchicha

Naomba kuongeza jambo dogo. Sisi tunaolima mchicha na matembele bondeni tunalisha masoko ya mji huu. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha madini mazito, ikiwemo risasi, katika mboga zinazomwagiliwa kwa maji ya Msimbazi, na kila tafiti hizo zinapotajwa, anayelaumiwa ni mkulima. Maji machafu hatuyatengenezi sisi; yanatoka viwandani, machinjioni na kwenye majitaka ya mitaa yote ya juu. Mto ukisafishwa, tupeni vipande vya kulima kwa msimu katika sehemu zinazofurika, kwa mkataba. Mchicha unavunwa ndani ya wiki chache, hivyo maji yakija hasara yetu ni ndogo kuliko ya mtu mwenye jengo. Usiposafishwa, msilete watoto kucheza humo.

---

Mpangamiji

Ndugu mkulima amegusa jambo la msingi, na ndugu aliyehamishwa Mkwajuni amenisaidia kulisema nililotaka kulisema. Bonde hili halijawahi kukosa mpango. Mpango Kabambe wa Jiji wa mwaka 1979 ulikwisha kulitambua kuwa ardhi hatarishi isiyofaa kwa makazi, lakini hakuwekwa mtu wa kulitunza, na ardhi iliyo karibu na kazi, isiyo na mtunzaji, hujaa watu wasio na pa kwenda. Ndiyo maana naogopa pendekezo la mwanzilishi wa mada la eneo lililo wazi lote. Eneo hilo kubwa lisilo na watu wa kulitumia asubuhi na usiku litakuwa jalala na maficho kabla ya miaka mitano, kisha tutaambiwa kwamba bustani imeshindikana na ni bora liuzwe.

Tatizo la pili ni la mamlaka. Ukisimama Jangwani, ng'ambo moja ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na ng'ambo ya pili ni Manispaa ya Kinondoni. Maji yenyewe yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mazingira yako chini ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), majitaka ni ya DAWASA (mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam), na misitu ya Pugu ni ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mradi unatekelezwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), lakini mradi una tarehe ya kwisha. Baada ya tarehe hiyo, nani atachimba mchanga alioueleza Mzee Mhandisi? Kwa fungu gani?

Maoni yangu ni kwamba iundwe mamlaka moja ya bonde, yenye uwakilishi wa mitaa inayopakana nalo, na ikabidhiwe ardhi iliyoinuliwa. Ardhi hiyo isiuzwe. Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachopewa mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, ambao unaweza kufika miaka 99. Basi mamlaka hiyo ipangishe viwanja vya biashara kwa muda mfupi zaidi, tuseme miaka 33, na kodi inayopatikana iwekwe kwenye mfuko ambao kisheria hauwezi kutumika kwa kazi nyingine isipokuwa kutunza mto, bustani na nyumba za gharama nafuu. Eneo la chini, yaani bustani yenyewe, litangazwe katika Gazeti la Serikali kwa mipaka na vipimo vyake kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Mpangilio huu ni muhimu sana kwangu, kwa sababu maduka yakitangulia, bustani itageuka kuwa maegesho yao.

Kuhusu Magomeni Kota, nakubaliana na hoja ya orodha, lakini lazima tuseme ukweli kwamba wale walikuwa wapangaji wa nyumba za umma zenye kumbukumbu, ilhali wengi wa bondeni hawakuwa na hati wala leseni ya makazi. Kwa hiyo uthibitisho wao utategemea ushahidi wa majirani, na kazi hiyo huharibika haraka ikiachwa mikononi mwa mtu mmoja. Isomwe hadharani katika mkutano wa mtaa, jina kwa jina, na mwenye pingamizi asimame.

---

Mkazi wa Magomeni Mapipa (mwanzilishi wa mada)

Nawashukuru wote. Ndugu uliyehamishwa Mkwajuni na ndugu Mpangamiji mmenishawishi kwamba kuacha kila kitu wazi kunaweza kulipoteza bonde lenyewe, nami sasa naunga mkono nyumba za kupanga juu ya kingo, kwa sharti la bustani kutangazwa kwanza. Kuhusu miaka 33 bado nina shaka, kwa kuwa mfanyabiashara aliyejenga ghorofa hatakubali kuondoka kirahisi muda ukiisha. Labda viwanja vyenyewe viwe vidogo, ili wapangaji wawe wengi na asiwepo mmoja mwenye nguvu ya kuishinda mamlaka.

Naomba sasa tupate taarifa za uhakika. Aliyefanyiwa tathmini ya mali kwa ajili ya fidia katika mitaa ya Suna, Mkwajuni, Mchikichini au Kigogo atueleze ni nyaraka gani alizopewa, na kama wapangaji wake waliandikwa. Aliyewahi kuwa kwenye kamati ya Magomeni Kota atueleze orodha yao ilitunzwa vipi kwa miaka yote hiyo. Mimi nitamwomba mwenyekiti wa mtaa wetu aweke suala la orodha kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao, na majibu atakayonipa nitayaandika hapa.