Toyota na stoo tupu: bado ni mfano wa kuigwa?

stoo_kuu: Wakuu, Toyota ndio walioieneza hii ya spea kufika laini (pale magari yanapounganishwa) muda ule ule inapotakiwa, akiba kidogo kabisa. Sasa Februari 1997 kiwanda cha Aisin, wasambazaji wao wa spea kule Kariya, Japani, kikaungua, ikakosekana vali ndogo tu ya breki, karibu viwanda vyote vya Toyota Japani vikasimama. Bado tuige?

fundi_laini: Mkuu mbona unakatia stori njiani? Kampuni nyingine ziligawana michoro zikachonga vali kwa mashine zao, ndani ya wiki hivi magari yanatoka. Stoo ikijaa inaficha uozo, kifaa kikiharibika mtu anachukua kingine haulizi kwa nini. Tena mfumo huu ni dawa ya uvivu, kiwanda cha Fremont kule California wafanyakazi wa GM (General Motors) walikuwa watoro balaa, GM wakakifunga, Toyota wakaingia 1984 wakawanyoosha.

zamu_ya_usiku: Wakawanyoosha?? Hapo umetukosea adabu watu wa laini. Wengi walioajiriwa 1984 ni wale wale waliokuwepo GM kabla haijafunga kiwanda, chama chao kile kile! Kilichobadilika ni uongozi. Walipewa kamba, ukiona kasoro unavuta, kiongozi wa timu anakuja mbio, isipotatuliwa laini inasimama na hakuna wa kukufokea.

fundi_laini: Sijamtukana mtu kaka. Utoro ulikuwepo, ndo ukweli.

zamu_ya_usiku: Ulikuwepo kwa sababu gani? Hapo ndo hutaki kufika.

stoo_kuu: Jamani akiba! Baada ya tetemeko la 2011 Toyota wenyewe waliwataka wasambazaji waweke akiba ya chipu za elektroniki ya miezi kadhaa, yaani walikubali stoo ina kazi yake.

mkaguzi_ubora: Na bado chipu zilipoadimika, Septemba 2021 wakapunguza uzalishaji wa dunia nzima kwa asilimia 40, kwa hiyo stoo peke yake haiokoi. Ila hiyo kamba mnaisifia haraka. Viwanda vingi vinafunga kamba, vinabandika mabango ya kaizeni (kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku) ukutani, halafu kibarua wa mkataba mfupi akivuta mara mbili mkataba hauongezwi.

fundi_laini: Dada, hao hawajaiga Toyota, wameiga kamba tu.

zamu_ya_usiku: Basi usiseme tena mfumo unanyoosha wavivu. Kama mtu anaogopa kuvuta, kasoro inapita mpaka kwa mteja, na siku gari zinarudishwa atalaumiwa yule yule wa laini. Jibu hilo kwanza ndo turudi stoo.