Nimezoea lava, mizizi ya msituni inapitiwa namna gani?

Majengo_Kinga (Goma)
Jambo yenu wote. Mwezi wa saba nitakuwa Ubelgiji kwa yaya yangu (ndugu yangu mkubwa), na shemeji ameniahidi siku nzima Malmedy, kwenye uwanja wa baiskeli za mlimani. Njia zote ni za msituni. Mimi kinga, yaani baiskeli, nimeijulia hapa Majengo. Kila Jumapili napanda hadi Kibati, kurudi nashukia juu ya lava ya 2021 ya volkano Nyiragongo, pale ilipokata barabara ya Rutshuru. Jiwe lile linakula tairi kama msasa, ukianguka linakula na goti (langu la kushoto ni shahidi), lakini halitelezi hata likinyeshewa. Sasa shemeji kanitumia video: kijia chembamba kati ya miti, mizizi imelowa, inang'aa kama sambaza (dagaa wetu wa Ziwa Kivu) waliotoka wavuni. Kusema kweli niliingiwa na woga.

YayaWaLiège
Karibu, mdogo wangu. Nimeanguka huko mara mbili, zote kwa kosa moja: kushika breki nikiwa juu ya mzizi. Punguza mwendo mapema. Ukiufikia, achia breki zote mbili, simama juu ya pedali, magoti yalegee, baiskeli ijipitie yenyewe. Mzizi uliokingama njia uvamie usoni. Uliolala mshazari ndio unaovuta tairi pembeni. Rangi ya njia ndiyo ugumu wake: anza na za kijani, kisha buluu. Nyekundu baadaye. Nyeusi waachie wenyewe.

Fundi_Birere
Na upepo je? Sisi hapa tunajaza hadi tairi inalia kama ngoma, jiwe lisije likabana mpira wa ndani. Kule weka upepo wa baa 1.8 hivi kwenye kipimo cha pampu, tairi iukumbatie mzizi. Na kabla hujashuka, jua breki ya mbele iko mkono upi. Milima yao isikutishe: Botrange, kilele cha Ubelgiji nzima, ni mita 694. Wewe unalala kwenye mita 1,500!

YayaWaLiège
Fundi, shida si urefu, ni matope. Mvua ya huku haijui mwezi.

Majengo_Kinga
Aksanti sana wakubwa. Leo nimelaza uani miti mitatu ya mkaratusi iliyomenywa, nikaimwagia maji, nikapita. Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu kuku akakatiza, nikashika breki. Goti la kulia nalo limeitwa kutoa ushahidi.