Mrejesho: ile pikipiki ya matairi manne ya shamba nimeshachukua

Wakuu habari zenu, mtakumbuka niliwauliza nichukue pikipiki ipi ya 4WD (matairi yote manne yanavuta) ya kutolea viazi shambani huku Njombe, maana milima yetu mvua ikishanyesha pikipiki ya kawaida haipiti. Nimechukua Yamaha Kodiak 450, used. Kilichofanya niamue ni gia aisee, cc (ukubwa wa injini) wala sio ishu. Kabla ya hapo nilijaribu moja ya jamaa, 4WD inayo ila haina gia nzito, nikapandisha nayo tela la magunia kufika katikati injini inalia haisogei, ikabidi tushushe mzigo na vijana tukabeba mgongoni kwenye tope.

Hii ina H (gia nyepesi ya mwendo) na L (gia nzito ya mzigo). L naweka nikiwa nimesimama kabisa, ukilazimisha inatembea unaua gia, halafu nabonyeza 4WD inapanda taratibu kama trekta. Kushuka ndo nimeipenda zaidi, ukiachia mafuta injini yenyewe inashika, breki unagusa tu. Ila mzigo mzito usiupeleke na H, utaunguza mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Mimi naweka magunia manne basi. Aliyeniambia niangalie gia kwanza, asante sana mkuu, Mungu akubariki.