Chama cha sheria za kimataifa, mwalimu wa skuli anaruhusiwa?

MwalimuWete:
Assalaam alaykum. Nasomesha historia hapa Wete. Juzi tulifika vita vya Agosti 1896, Waingereza walipompiga Sayyid Khalid aliyekalia kiti cha usultani Unguja bila ridhaa yao, mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, Sayyid Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Waingereza wameshalipiga kasri kwa mizinga, mlango wa ubalozi ndio uwashinde?" Nikababaika, nikasema tutaendelea kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Sasa nataka kujiunga na chama cha wasomi wa fani hii nijifunze. Jamaa yangu wakili kanicheka, ati hivyo si vya watu wa chaki. Kweli?

BarzaMkunazini:
Kasema nusu, Mwalimu. Institut de Droit International, iliyoanzishwa Ghent, Ubelgiji, 1873, huingii mpaka wenyewe wakuchague, na wao ni majaji na maprofesa. American Society of International Law, ya tangu 1906, inapokea wanachama wa nchi nyingi, hata wanafunzi. Ila ada ni kwa dola, upige hesabu kwanza. Kabla ya kutoa senti, sikiliza mihadhara ya Umoja wa Mataifa kwenye intaneti. Ya bure ile.

Na mtoto mjibu hivi: mkataba wa kurudishana wahalifu baina ya Waingereza na Wajerumani haukuwagusa wakimbizi wa siasa, kwa hiyo balozi akakataa kumtoa. Waingereza wakaweka askari nje, wakingoja akanyage tu ardhi ya Unguja. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikasogea mpaka ubalozini. Khalid akapanda bila kugusa mchanga, huyo Dar es Salaam, enzi hizo ya Wajerumani.

NahodhaMkoani:
Maji yakijaa hayana askari! Mwalimu, wasomeshe na kesi ya majahazi ya Sur, bandari ya Oman, iliyoamuliwa The Hague 1905. Wenyewe Waomani, bendera ya Ufaransa, Mwingereza asiwapekue kutafuta watumwa. Mahakama ikasema waliopewa bendera kabla ya 1892 wabaki nayo, wa baadaye hapana, isipokuwa waliokuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa kabla ya 1863. Babu yangu angekuwa na la kusema hapo.

MwalimuWete:
Ahsanteni sana. Leo nimewasimulia, darasa zima limepiga makofi mashua ilipofika. Wakili sijamwambia kitu. Nahodha, kesho naanza na majahazi. Nikikwama kwenye bendera nakuuliza wewe.