Ligi ya boling yenye handikapu: nitajuaje kama kweli nimemzidi mwenzangu?

mtoto_wa_tandika
Wakuu habari zenu. Niko huku Minnesota, baridi ikianza hakuna pa kwenda, jamaa wa kazini wakanivuta kwenye ligi yao ya boling, ule mchezo wa kubiringisha mpira uangushe pini 10, kila Jumanne gemu tatu. Ligi ni ya handikapu, yaani 220 unatoa avareji yako, asilimia 90 ya kinachobaki unaongezewa kila gemu. Mimi avareji 138 napewa pini 73, kuna jamaa ana 201 yeye anapewa 17. Juzi nimeangusha 486 kwa gemu zote tatu, yeye 630. Weka handikapu, mimi 705 yeye 681. Nikafurahi weee, jamaa akanitolea mbele za watu eti hizo pini nimepewa sijazipiga. Imeniuma. Sasa ukitaka kujua nani kacheza vizuri unaangalia nini hasa? Mwisho wa msimu kuna tuzo ya mchezaji mmoja mmoja na sijui hata nijipime vipi.

fundi_leni
Mpigie hesabu atanyamaza. Mkicheza wote avareji zenu, wewe 138 na 73 ni 211, yeye 201 na 17 ni 218. Yaani hujashika hata mpira kashakutangulia pini 7 kila gemu, 21 usiku mzima, ndo kazi ya hiyo asilimia 90, mwenye uwezo anaachiwa kaupenyo. Na bado ukamzidi 24. Kwa usiku mmoja angalia kila mtu kaipita avareji yake kwa ngapi: wewe 414 ukapiga 486, umezidi 72, yeye 603 akapiga 630, kazidi 27. Ila bado anakuzidi uwezo mbali tu, hayo mambo mawili usiyachanganye 😂

bibi_wa_spea
Fundi nakupinga kidogo. Anayejifunza kupanda ni rahisi. Piga pini 9 kila fremu (zamu, gemu ina kumi) bila kumalizia ile moja, unaishia 90. Piga 9 hizohizo lakini kila fremu umalizie spea, yaani iliyobaki uiangushe kwa mpira wa pili, na pini za mpira unaofuata unaongezewa, unapata 190. Pini mia nzima na hujapiga straiki (zote 10 kwa mpira wa kwanza) hata moja! Mtu wa 201 hizo alishazimaliza zamani, akitaka kupanda lazima straiki zifuatane, kwahiyo pini 10 zako na pini 10 zake bei si moja. Kwa msimu mzima mimi nahesabu nafasi za spea, ngapi umezipata ngapi umeziacha.

kadi_ya_jumamosi
Mimi ni mtu wa golfu hapa Nairobi, boling naijua ya sherehe za watoto tu. Lakini kuna kitu mnasahau. Kwetu tangu 2020 handikapu inatoka kwa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, so inasema unaweza nini siku yako nzuri, kuipiku si mchezo. Yenu ni gemu zote, nzuri na mbovu, karibu nusu ya siku unazocheza lazima uipite. Hiyo 138 imetoka gemu ngapi?

mtoto_wa_tandika
Gemu 18, wiki sita. Nimechungulia karatasi sasa hivi, wiki tatu za kwanza nilikuwa 121 (msinicheke), tatu zilizofuata 155.

fundi_leni
Aaah mkuu ungesema mapema! Basi 138 sio wewe wa leo, ni wewe wa leo umechanganywa na yule aliyekuwa anapeleka mpira mtaroni. Ukijipima kwa 155, gemu tatu ni 465, umezidi 21 tu. Jamaa kazidi 27. Kakushinda 😅 Hujaiba, kanuni ni kanuni, ila avareji inakufuata nyuma kama mkia na ikikufikia handikapu itashuka. Wapo wanaozubaa makusudi mwanzo wa msimu ili wabaki na pini nyingi, hao ndo wezi.

mtoto_wa_tandika
Duh. Naomba mada ifutwe kabla hajaiona 😂 Bibi, Jumanne naenda na kalamu nahesabu spea. Tatizo langu ile pini ya 10, ya kona ya kulia.

bibi_wa_spea
Unatumia mkono wa kulia? Chukua mpira wa plastiki usiokata kona, simama kushoto kabisa, upeleke mshazari mpaka kona ile. Na usiukimbilie.

mtoto_wa_tandika
Kumbe nilikuwa nasimama kulekule kulia kwa pini yenyewe.